Tom Campbell Black: Rubani Aliyeanza na Ndege Moja ya Mama Wilson

Leo siasa na mpira tuviweke kando kidogo. Nina stori ya jamaa mmoja aliyefariki mwaka 1936, lakini ukiisoma mpaka mwisho utaona inakuhusu wewe unayezungusha barua za kuomba kazi, na inakuhusu zaidi wewe mwenye ndoto ya kufungua biashara na kuajiri wenzako.

Hapa kwetu Soni mtu akinunua Fuso la kupeleka mboga Dar, kijiweni hatuulizani sana kama gari ni la mwaka gani. Tunaulizana nani atalishika. Barabara ya kutoka hapa kushuka Mombo wengi mnaijua, kona juu ya kona, mlima upande huu na korongo upande ule. Gari zuri ukimpa dereva mbovu ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake. Ukimpa dereva mzuri nako unapata presha ya aina nyingine: huyu akichukuliwa na tajiri mwingine, mimi nafanyaje?

Sasa toa Fuso weka ndege. Toa Soni weka Nairobi, mwaka 1929.

Waliowahi kufika Nairobi watakuwa wanaujua uwanja wa Wilson, ule mdogo wa upande wa Lang'ata wenye ndege ndogo ndogo za kwenda mbugani. Wengi wakisikia Wilson wanadhani ni gavana fulani wa kikoloni au jenerali wa vita. Wala! Ni mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, mlowezi wa Kenya aliyekuwa na fedha zake. Na mtu aliyezigeuza fedha hizo zikawa shirika la ndege ndiye shujaa wetu wa leo, Tom Campbell Black.

MTOTO WA BRIGHTON

Tom alizaliwa Desemba 1899 mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, pale pwani. Familia yake ilikuwa ya watu wenye nafasi, na baba yake aliwahi kuwa meya wa mji huo. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta bado kijana kabisa, akaingia kwenye kikosi cha ndege cha jeshi la majini, na baadaye akawa kwenye jeshi jipya la anga la Uingereza. Fikiria, vita inakwisha Novemba 1918, yeye hajafikisha hata miaka 19, na ujuzi wake mkubwa duniani ni kurusha ndege.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Vita ikiisha, dunia ina marubani kibao na kazi hakuna. Vijana wa leo mkilalamika kwamba vyeti vipo ajira hakuna, mjue hata hawa wa 1918 waliipitia. Tom akafanya kama wenzake wengi waliotoka vitani, akaja Kenya kulima. Alikuwa na kaka yake kwenye shamba la kahawa maeneo ya Rongai, upande wa Nakuru.

Kahawa ikawa inampa ugali, lakini moyo ulikuwa juu. Mwaka 1925 tajiri mmoja anaitwa John Carberry alileta ndege kwa meli mpaka Mombasa, aina ya De Havilland DH.51. Ndiyo ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya, wakaipa jina Miss Kenya. Mwaka 1928 Tom na wenzake wawili wakainunua kutoka kwa Carberry. Mpaka leo ndege hiyo ipo, inatunzwa kwenye makumbusho ya Old Warden huko Uingereza.

Kwa hiyo jamaa alikuwa na ujuzi, ana robo tatu ya ndoto, na ndege wanayomiliki watu watatu. Kitu kimoja tu hana. Mtaji.

MAMA ANAWEKA PESA

Mwishoni mwa Julai 1929 ikaanzishwa Wilson Airways, makao yake Nairobi. Mama Wilson ndiye mwenye kampuni. Tom ndiye mkurugenzi mtendaji na ndiye rubani mkuu. Historia ya uwanja wa Wilson inataja mtaji wa pauni 50,000, na ndege ya kuanzia MOJA, Gipsy Moth.

Naomba niwaeleze Gipsy Moth ni kitu gani, maana ukisikia ndege unawaza Boeing. Ni kidude cha injini moja yenye nguvu za farasi kama 100 hivi, mabawa juu na chini, viti viwili, hakina paa. Abiria anakaa mbele, rubani nyuma, upepo unawapiga wote usoni. Mwendo wake wa kawaida haufiki hata kilomita 150 kwa saa, basi la leo kwenye lami likimwagika linaweza kushindana nacho. Lakini mabawa yake yanakunjwa, ukamaliza kazi unakisukumia kwenye kibanda kidogo kama gari. Injini yake fundi mzuri wa magari anaielewa.

Hapo ndipo utaona akili ya biashara. Wangeweza kuanza na limadude la kubeba watu wengi, kwa ajili ya sifa. Lakini abiria wenyewe walikuwa wapi? Mwaka 1929 mtu wa kawaida Nairobi anapanda treni. Treni ya Mombasa inaondoka, unalala humo, asubuhi umefika. Anayeweza kulipia ndege ni mlowezi mwenye haraka, ofisa wa serikali, mwindaji tajiri kutoka Ulaya, au mgonjwa ambaye akichelewa anakufa. Watu hawa ni wachache na hawasafiri kila siku. Ukiwa na ndege ndogo, abiria mmoja tu anatosha kukurudishia mafuta. Ukiwa na ndege kubwa, viti vitupu vinakula mtaji kimya kimya.

Kumbuka pia ilikuwa ni 1929. Miezi mitatu tu baada ya kampuni kuanzishwa, Oktoba, soko la hisa la New York likaporomoka na bei za mazao zikaanguka dunia nzima. Kahawa chini, mkonge chini. Kampuni changa ya huduma ya kifahari, katika nchi ya wakulima waliofilisika! Kwa hesabu za kawaida ilitakiwa ife ndani ya mwaka.

Haikufa.

BARUA HAZIUMWI NA NJAA

Siri ya kwanza ilikuwa barua. Abiria akikosa hela hasafiri, lakini barua za serikali, za benki na za makampuni lazima zisafiri, mvua inyeshe au jua liwake. Na anayelipia mfuko wa barua analipa kwa mkataba, siyo kwa kubembelezwa.

Februari 1931 shirika kubwa la Waingereza, Imperial Airways, lilianzisha njia ya kutoka London mpaka Mwanza kwetu. Januari 1932 njia ikaongezwa mpaka Cape Town, ikipita Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya na kuendelea kusini. Sasa angalia hiyo orodha kwenye ramani. Nani ameachwa? Pwani yote! Mombasa haimo, Tanga haimo, Zanzibar haimo, Dar es Salaam haimo. Na huko pwani ndiko kuliko na bandari, maghala na ofisi za biashara. Tanga yetu wakati ule ndiyo ilikuwa mji wa mkonge, mabwana shamba wanataka kujua bei za London leo siyo mwezi ujao.

Wilson Airways wakaingia hapo hapo penye pengo. Hawakugombana na mkubwa, wakakaa mgongoni kwake. Barua na abiria wa Imperial wakishuka Nairobi, ndege ndogo za Wilson zinawachukua kwenda Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar, na zinarudi na za huko. Ni kama daladala za Soni zinazosubiri basi la Dar pale Mombo. Daladala haihitaji kwenda Dar. Inahitaji kujua basi linafika saa ngapi.

Siri ya pili ilikuwa aina ya ndege. Kampuni ilipokua iliongeza Puss Moth, yenye kibanda kilichofunikwa na nafasi ya abiria wawili, baadaye Dragon ya injini mbili, halafu Dragon Rapide ya abiria kama wanane. Walikuwa nazo na ndege za viwanda vingine, lakini sehemu kubwa ilitoka kwa De Havilland, na injini zake nyingi ni ukoo mmoja wa Gipsy. Maana yake fundi aliyeizoea moja haogopi nyingine, na spea mnaagiza sehemu moja. Miaka ya 1970 shirika la Southwest la Marekani lilikuja kupata sifa dunia nzima kwa mbinu ya kutumia aina moja tu ya ndege ili kupunguza gharama za mafundi na mafunzo. Wazo lenyewe mafundi wa Nairobi walikuwa wameshalionja zamani.

Siri ya tatu, hawakutegemea kazi moja. Barua, kukodishwa, kubeba wagonjwa, kusaidia misafara ya uwindaji, na kufundisha watu kurusha ndege. Hii ya mwisho ishikeni, nitairudia.

KAZI YENYEWE

Sasa tumrudie Tom. Rubani wa wakati ule hakuwa mtu wa kukaa na miwani ya jua anasubiri kompyuta imwambie. Redio hakuna. Utabiri wa hali ya hewa ni macho yako. Njia ya kwenda Mombasa ni kufuata reli. Kiwanja cha kutua mara nyingi ni uwanja wa nyasi uliofyekwa jana, na kabla hujatua unazunguka kwanza kufukuza wanyama. Moshi wa moto wa majani ndio unaokuonyesha upepo unatokea wapi.

Tena Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, injini inachoka, mabawa hayashiki vizuri, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kupaa. Mchana wa jua kali ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo rubani lazima ajue hesabu: mafuta kiasi gani, mzigo kiasi gani, saa ngapi ya kuondoka. Ukikosea hufukuzwi kazi. Unazikwa. Mei 1931 mwindaji maarufu Denys Finch Hatton alifia Voi, ndege yake aina hiyo hiyo ya Gipsy Moth ilianguka muda mfupi tu baada ya kupaa.

Jina la Tom lilivuma mwaka huo huo wa 1931. Rubani mmoja Mjerumani, Ernst Udet, bingwa wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa Afrika Mashariki kupiga filamu. Wakati wa kurudi ndege yake ikashindwa, akajikuta kwenye mabwawa ya Nile huko Sudan, sehemu ambayo kwa maili na maili ni matete, maji, mbu na mamba. Tom akaenda kumtafuta kwa ndege, akamwona, akamwokoa. Kumbukeni, miaka 13 nyuma hawa walikuwa pande mbili za vita. Magazeti ya Ulaya yakaandika, na Wilson Airways ikapata tangazo ambalo hata ingelipia isingelipata.

Hii ndiyo faida ya kuwa na mfanyakazi nyota. Watu hawasemi tunapanda ndege ya Wilson, wanasema tunapanda ndege ya Tom.

Na hii ndiyo hatari yake pia.

NYOTA ANAONDOKA

Mwaka 1932 Tom akaacha kazi. Bwana mmoja tajiri wa Uingereza, Lord Furness, mwenye meli na viwanda vya chuma, alimtaka awe rubani wake binafsi. Tom akarudi kwao.

Wadau, hebu jiwekeni kwenye viatu vya Mama Wilson kwa dakika moja. Umeweka fedha zako kwenye biashara ambayo wewe mwenyewe si rubani. Mkurugenzi wako, rubani wako mkuu, na sura ya kampuni yako ni mtu mmoja, na huyo mtu anakuaga. Ni katikati ya mdororo wa uchumi. Mkataba wa barua hautaki kusikia habari za kuagana, unataka ndege ifike Tanga siku iliyoandikwa.

Ningekuwa mimi ningelia. Lakini Wilson Airways iliendelea. Siyo kwa miezi, iliendelea kwa miaka saba zaidi, na ikakua. Mwaka 1937 Imperial Airways walipohamishia ndege zao za kutua majini njia ya pwani, wakipita Kisumu, Mombasa, Dar na Lindi mpaka Durban, sasa bara ndiyo ikaachwa. Wilson wakageuza mbinu ile ile juu chini, wakahudumia njia ya bara, Moshi, Dodoma, Mbeya mpaka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Kwa nini haikufa? Mimi nasema ni kwa sababu Tom, wakati yupo, hakufanya ujuzi wake kuwa siri ya mfukoni. Kampuni ilikuwa na marubani wengine, ilikuwa na karakana na mafundi, ilikuwa na ratiba. Na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Mwanafunzi wake mashuhuri ni Beryl Markham, binti aliyelelewa Njoro, mfuga farasi wa mashindano. Tom alimfundisha kurusha ndege, na mwaka 1933 akapata leseni ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa. Beryl akawa anabeba barua, abiria na wagonjwa, na kutafuta tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji. Septemba 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi mpaka Nova Scotia, Kanada, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Mwalimu wake ni rubani wa kampuni changa ya Nairobi.

Dereva anayemfundisha utingo wake kushika usukani, huyo ndiye anayejenga kampuni. Anayemfukuza utingo asisogee karibu na gia, huyo anajenga jina lake tu.

WALIOACHWA CHINI

Lakini stori nisiifanye tamu kuliko ilivyokuwa. Kuna watu walikuwepo tangu siku ya kwanza na hamtaona majina yao popote. Nani alifyeka vile viwanja? Nani aliisukuma ndege ndani ya kibanda jioni? Petroli ilikuja kwenye makopo ya galoni nne, yale ambayo sisi tuliyageuza kuwa kipimo cha mahindi mpaka leo tunasema debe. Nani aliyabeba kichwani?

Waafrika. Na katika shule ile ya Tom, Mwafrika hakuwa na kiti. Beryl alikuwa na mwenzake aliyekua naye tangu utoto, arap Ruta. Alimsaidia farasini, na alipohamia kwenye ndege akaenda naye, akajifunza kuihudumia. Aliijua ndege ile. Lakini leseni ya kuirusha haikuwa ya watu wa rangi yake, wala hakuna aliyefikiri kumpa. Mpaka Wilson Airways inafunga milango, usukani ulikuwa wa Wazungu.

Mtu atasema ndiyo ulikuwa wakati wenyewe. Sawa, lakini nitazameni kama hesabu ya biashara tu, tuache hata haki. Kampuni inahangaika kupata marubani, inawaleta kwa meli kutoka mbali, wengine wanakaa kidogo wanaondoka kama Tom. Pembeni pana vijana waliozaliwa hapo hapo, wanaojua kila mto na kila kilima, ambao wasingehitaji kurudi kwao kwa sababu kwao ni hapo. Hawakufundishwa. Deni la uamuzi huo halikulipwa na Mama Wilson wala Tom, lilikuja kulipwa na nchi zetu baada ya uhuru, tulipoanza kutafuta marubani na mainjinia wetu karibu kutoka sifuri.

MBIO ZA MELBOURNE

Huko Uingereza Tom akawa nyota wa dunia. Oktoba 1934 kulikuwa na mashindano ya ndege kutoka Mildenhall, Uingereza, mpaka Melbourne, Australia, zaidi ya kilomita 18,000, zawadi ya kwanza pauni 10,000. Tom akashirikiana na Charles Scott, ndege yao ni De Havilland Comet nyekundu iitwayo Grosvenor House. Waliondoka tarehe 20 na kufika tarehe 23, kama masaa 71 hivi, huku wakishuka njiani kujaza mafuta. Injini moja ilisumbua mwishoni wakaendelea nayo hivyo hivyo. Wakashinda.

Lakini ngoja niwaambie kilichowashtua wenye akili za biashara. Aliyeshika namba mbili hakuwa na ndege ya mashindano. Ilikuwa ndege ya abiria ya KLM ya Waholanzi, Douglas DC-2 ya kutoka Marekani, tena imebeba abiria watatu na mifuko ya barua! Comet ilikuwa na viti viwili na matangi ya mafuta, basi. Ushindi ulikuwa wa Tom, ila kesho ilikuwa ya ile namba mbili. Ndege inayobeba watu, inayofika kwa wakati, kila wiki, bila shujaa ndani.

Mwaka 1935 Tom alimwoa mwigizaji maarufu wa vichekesho, Florence Desmond. Mwaka huo huo alijaribu kuvunja rekodi ya kwenda Cape, ndege ikamharibikia juu ya Sudan, yeye na mwenzake wakaruka na miavuli wakapona. Sudan ile ile alikomwokoa Udet.

Tarehe 19 Septemba 1936 alikuwa uwanja wa Speke, Liverpool, akijiandaa kwa mashindano ya kwenda Johannesburg. Ndege yake ndogo, Miss Liverpool, ilikuwa bado chini, inatembea kuelekea sehemu ya kupaa. Ndege ya jeshi iliyokuwa inatua ikamgonga. Tom Campbell Black, aliyepita mabwawa ya Nile, milima yetu na nusu ya dunia, akafia ardhini, kiwanjani, mchana kweupe. Alikuwa na miaka 36. Ilikuwa haijatimia hata wiki mbili na nusu tangu mwanafunzi wake Beryl avuke Atlantiki.

KILICHOBAKI

Septemba 1939 vita ya pili ikaanza. Ndege za Wilson Airways na marubani wake wakachukuliwa kwenye kazi za kijeshi, na kampuni haikurudi tena kibiashara. Januari 1946 likaanza shirika la serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, East African Airways, likitumia Dragon Rapide, ndege zile zile ambazo Wilson walikuwa wameshaonyesha kwamba zinafaa njia zetu. Nalo likaanguka mapema mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na ndipo tukapata Air Tanzania.

Uwanja wa Nairobi West ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Jina la Tom halipo getini.

Nimekuwa nikiifikiria stori hii tangu nilipoanza kuisoma, kwa sababu na sisi tumeshaona mashirika yakija na kuondoka. Fastjet walianza kuruka Novemba 2012 kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ikitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, na watu ambao hawajawahi kupanda ndege maishani wakapanda. Wakaanza na Airbus za viti zaidi ya 150. Desemba 2018 safari zikasimama. Nauli ndogo ni kitu kizuri sana kwa abiria, lakini ndege kubwa inataka ijae kila siku, asubuhi na jioni, na gharama zake nyingi ziko kwa dola. Mama Wilson alianza na viti viwili akangoja soko limfuate. Wote wawili walifungua njia, ila walipishana kwenye swali la nani anabeba hasara ya kiti kitupu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanzisha chochote, bodaboda mbili, stationery, gari la mboga la hapa Soni, nakuachia maswali matatu ya Wilson Airways. Una mkataba gani wa uhakika utakaokulisha siku wateja wakipotea? Mtu wako hodari akiaga kesho, nani ameshafundishwa kazi yake? Na yule kijana anayefagia na kubeba madebe, umewahi kumuuliza kama anataka kujifunza usukani?

Hilo la tatu Wilson Airways walifeli. Sisi hatuna kisingizio.

Naomba kuwasilisha wadau. Mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi East African Airways, au aliyesikia habari za ndege za barua pale Tanga zamani, atupie mchango wake hapo chini. Tukosoane kwa hoja, matusi hapana. Tuko pamoja.